Edwin Link: fundi wa vinanda aliyefundisha mapiloti kuanguka bila kufa

Mtu aliyewahi kuja Bukavu kwa ndege anajua ile dakika ya mwisho kabla ya kugusa Kavumu. Kiwanja kiko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko upande mmoja, milima ya Kahuzi upande mwingine, na wakati wa mvua mawingu yanashuka mpaka yanafunika vyote viwili. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya misaada iliyokuwa inakuja huku kutoka Kisangani iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa, si mbali na kiwanja. Watu wote 17 waliokuwa ndani walikufa.

Kuruka ndani ya wingu bila kuona chini ni jambo lililoua mapiloti wengi tangu ndege zilipoanza. Kwa miaka mingi hapakuwa na shule ya kweli ya jambo hilo, juu kosa la kwanza ndani ya wingu mara nyingi lilikuwa pia kosa la mwisho. Mtu aliyepata namna ya kulifundisha hakuwa jenerali wala profesa. Alikuwa fundi wa vinanda, na jina lake ni Edwin Link.

Leo kijana anayekaa mbele ya kompyuta na kurusha ndege ya vita ndani ya mchezo, au yule anayeunda ndege hiyo kipande kwa kipande ili wengine wairushe, anafuata kazi iliyoanzia mikononi mwa bwana huyu.

Mtoto wa kiwanda cha vinanda

Edwin Albert Link alizaliwa tarehe 26 Julai 1904 huko Huntington, mji mdogo wa jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 1910 baba yake alinunua kampuni ya vyombo vya muziki iliyokuwa imefilisika katika mji wa Binghamton, jimbo la New York. Kampuni ikaitwa Link Piano and Organ Company. Ilitengeneza piano zinazojipiga zenyewe na vinanda vikubwa vya kumbi za sinema. Filamu za wakati ule hazikuwa na sauti, kwa hiyo kila ukumbi ulihitaji kinanda cha kujaza kimya.

Vyombo hivyo viliendeshwa na hewa. Ndani ya piano inayojipiga kulikuwa na karatasi ndefu yenye matundu. Tundu likipita juu ya bomba fulani, hewa inapita, kifuko cha ngozi au kitambaa kinajikunja, na nyundo inapiga waya. Mivukuto ile ni ya jamii moja na mivukuto ya mhunzi wa kijijini: inajaa hewa, inatoa hewa, na inasukuma kitu. Kijana Edwin alikulia katikati ya mabomba, pampu na vifuko vya hewa. Aliweza kuvifungua, kuvitengeneza na kuvirudisha mahali pake.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alilipa dola 50 ili apate somo lake la kwanza la kuruka. Ilikuwa California, kwenye kiwanja cha Sydney Chaplin, ndugu yake Charlie Chaplin wa sinema. Dola 50 wakati ule zilikuwa franga nyingi kwa kijana. Piloti alimpandisha, akazungusha ndege juu chini, akapita karibu na mapaa ya nyumba, halafu akatua. Katika muda wote huo mwanafunzi hakugusa usukani hata mara moja. Link alishuka bila kujifunza kitu, na akabaki na wazo kwamba hiyo haikuwa namna ya kufundisha mtu.

Hakuacha, lakini. Alijifunza polepole, saa moja leo, saa nyingine baada ya miezi, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa na ndege yake mwenyewe, ya kwanza kabisa ambayo kampuni ya Cessna ilimkabidhi mnunuzi. Aliishi kwa kubeba abiria, kufanya maonyesho kwenye miji midogo na kufundisha wengine. Kila siku aliona tatizo lilelile: saa ya ndege ni ghali, na mwanafunzi anayekosea angani anaweza kuua watu wawili, yeye na mwalimu wake.

Ndege isiyotoka chini

Kati ya 1927 na 1929, chini kabisa ya jengo la kiwanda cha baba yake, Link alianza kuunda ndege isiyoruka. Ilikuwa kibanda kidogo cha mbao chenye mabawa mafupi, usukani, pedali za miguu na kiti kimoja. Chini yake aliweka mivukuto ya kinanda, na pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Mwanafunzi akivuta usukani, vali inafunguka, mvukuto wa upande mmoja unajaa na wa upande mwingine unapungua, na kibanda kinainua pua. Akisukuma, kinainamisha pua. Akielekeza kushoto, kinalala kushoto. Kulikuwa pia na mota ya hewa, ndugu ya ile inayozungusha karatasi ya piano, ya kugeuza kibanda chote kwenye mhimili wake.

Kutengeneza kibanda kinachotikisika hakukuwa kazi ngumu kwa fundi kama yeye. Shida ilikuwa kukifanya kijibu mkono sawa na ndege ya kweli. Ndege haijibu palepale. Inachelewa kidogo, halafu inafuata, na ukizidisha inazidisha nayo. Ikipoteza mwendo inalegea mkononi kabla ya kuanguka. Link hakuwa na hesabu za kumwambia mvukuto ujae kwa kasi gani. Alikuwa na mikono yake tu, iliyojua ndege. Basi alirekebisha vali, akakaa ndani, akajaribu, akatoka, akarekebisha tena, mpaka mkono wake ukakubali kwamba hiki kitu kinafanana na kile cha angani.

Karatasi ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, breve, ilitoka mwaka 1931. Jina aliloliandikia lilieleza kifaa cha kufundishia wanafunzi wa urubani na papo hapo cha kuburudishia watu. Kumbe alikuwa ameona mbali, maana wateja wa kwanza walikuwa karibu wote wa burudani. Mashine ziliwekwa kwenye viwanja vya michezo ya watoto. Mtu alitia sarafu, akapanda, akacheka, akashuka. Shule za urubani na jeshi waliitazama na kuona mchezo wa watoto.

Mambo yakawa magumu zaidi. Sinema zilianza kusema zenyewe, na vinanda vya kumbi havikuhitajika tena. Halafu uchumi wa Marekani ukaanguka. Mwaka 1931 Link alimwoa Marion Clayton, mwandishi wa habari, ambaye baadaye aliendesha pamoja naye mambo ya kampuni na safari zake. Ili wapate chakula, Link alifungua shule ndogo ya kuruka akitumia mashine zake, na usiku alirusha ndege yenye taa chini ya mabawa zilizoandika matangazo ya biashara angani. Taa hizo ziliwashwa na kuzimwa kwa ufundi uleule wa piano inayojipiga.

Ukungu wa Newark

Kilichobadilisha maisha yake kilikuwa vifo vya watu wengine. Mwezi wa Februari 1934, Rais Franklin Roosevelt alivunja mikataba ya kampuni binafsi zilizokuwa zinabeba barua kwa ndege, akaikabidhi kazi hiyo kwa jeshi. Mapiloti wa jeshi walikuwa vijana wenye moyo, lakini wengi hawakuwa wamezoea kuruka usiku, katika theluji na mawingu, kwa kutazama vyombo peke yake. Katika majuma machache zaidi ya 10 kati yao walikufa. Magazeti yakapiga kelele nchi nzima.

Hapo ndipo maofisa wa jeshi walikumbuka yule mtu wa Binghamton na sanduku lake. Wakapanga kukutana naye Newark, karibu na jiji la New York. Siku ile ukungu ulifunika kiwanja, na maofisa walijua hakuna ndege itakayokuja. Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, walisikia injini. Link alitoka ndani ya ukungu, akatua, akashuka. Alikuwa ameruka kwa vyombo njia yote, kama alivyozoea ndani ya sanduku lake. Hakuhitaji maneno mengi baada ya hapo. Mwezi wa Juni 1934 jeshi lilinunua mashine sita, kila moja kwa dola 3,500.

Kufahamu kwa nini mashine ile ilikuwa ya lazima, ni vizuri kujua wingu linamfanyia mtu nini. Ndani ya sikio kuna maji yanayotuambia tumesimama wima au tumelala. Ndege ikianza kugeuka polepole, maji yale yanajongea, mtu anahisi. Ikiendelea kugeuka kwa mwendo uleule, maji yanatulia, na mwili unasema sasa tuko sawa, wakati ndege bado imelala upande na inapoteza urefu. Piloti akiirudisha sawa, mwili unamwambia sasa umelala upande wa pili, na yeye anairudisha kule kwenye kosa. Bila kuona ardhi, mtu mwenye akili timamu anajizungusha mpaka chini akiamini anaenda mbele.

Sanduku la Link lilikuwa na kifuniko. Kikifungwa, mwanafunzi haoni kitu ila saa na mishale ya vyombo mbele yake. Kibanda kinageuka kweli, na sikio lake linadanganywa kweli. Mwalimu anakaa mezani pembeni, anazungumza naye kwa simu ya masikioni, anamletea upepo, anamchanganya. Juu ya ramani ya mwalimu kuna kigari kidogo cha magurudumu matatu kinachochora kwa wino njia ambayo ndege ingepita. Somo likiisha, kifuniko kinafunguliwa, na mwanafunzi anaonyeshwa mstari: hapa uliamini mwili wako, hapa ukagonga mlima. Halafu anakunywa maji na kurudia.

Mashine haichagui upande

Vita vya pili vya dunia vilipofika, sanduku hilo lilikuwa limepakwa rangi ya buluu na watu waliliita hivyo, sanduku la buluu. Zaidi ya mashine 10,000 zilitengenezwa, na zaidi ya watu 500,000 wa ndege walipita ndani yake, Marekani, Uingereza, Kanada na nchi nyingine. Kwa mapiloti wa mabomu waliovuka bahari usiku, Link aliunda mashine nyingine kubwa iliyokaa ndani ya mnara, yenye mfano wa nyota juu, ili wajifunze kutafuta njia kwa nyota. Alisaidiwa na Philip Weems, bingwa wa mambo ya kuongoza safari.

Lakini masanduku hayo hayakuuzwa kwa marafiki peke yao. Katika miaka ya 1930, kabla ya vita, Japani nayo iliyanunua. Kijana aliyefundishwa na mivukuto ya Binghamton angeweza kukutana angani na kijana mwingine aliyefundishwa na mivukuto ileile. Kazi iliyookoa mwanafunzi wa urubani ilimpeleka pia vitani akiwa hai na hodari zaidi wa kuua.

Bukavu inalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Mwezi wa Agosti 1964, waasi wa Simba walipoushambulia mji huu, ndege za T-28 zilipiga kutoka juu kusaidia jeshi la serikali lililoongozwa na Kanali Léonard Mulamba. Nyingine zilirushwa na Wakuba waliokimbia nchi yao na kulipwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. T-28 iliundwa Marekani kama ndege ya shule, ya kufundishia wanafunzi. Baadaye ikafungwa bunduki na roketi, ikatumwa Kongo na kwingineko. Chombo cha masomo kinaweza kugeuka chombo cha vita kwa kuongezewa vipande vichache.

Kutoka mivukuto mpaka kompyuta

Baada ya vita, mivukuto ilishindwa kufuata mwendo wa ndege za jeti. Kampuni ya Link ikaanza kutumia umeme na mahesabu, na badala ya sanduku moja la kufundishia ndege yoyote, ikaunda mashine inayofanana na ndege moja tu: kila swichi mahali pake, kila mshale ukionyesha kile ambacho mshale wa ndege ile ungeonyesha. Mwaka 1954 Link aliuza kampuni yake kwa General Precision Equipment. Warithi wa jina lake ndio waliounda mashine ambazo wanaanga wa Apollo walifanyia mazoezi ya kwenda mwezini.

Mwanafunzi wa zamani wa Chuo Kikuu cha Illinois, Bruce Artwick, aliliingiza wazo hilo ndani ya kompyuta ndogo ya nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata toleo lake la kwanza lilikuwa na sehemu ya mapigano ya angani. Mwaka 1982 Microsoft ilianza kuuza programu yake. Tangu hapo simuleta za vita zimekuwa nyingi, na kumezuka mafundi wa namna mpya, wengi wao wa kujitolea, wanaounda ndege moja moja za kuongeza ndani ya programu hizo. Moja inayojulikana ni A-4 Skyhawk ya simuleta ya DCS. Iliundwa na kundi la watu wa kujitolea na inatolewa bure.

Kazi yao kwa nje inafanana na kuchora. Kweli wanachora: wanapima picha za zamani, wanaunda bawa, msumari, kioo chenye mikwaruzo. Lakini picha haifanyi ndege. Lazima watafute vitabu vya mafundi vya ndege ile, waingize nguvu ya bawa kwenye kila pembe ya upepo, uzito wa mafuta yanayopungua, injini inayochelewa kujibu, na umeme unaokatika ukizima swichi fulani. Halafu wanamtafuta piloti mzee aliyeirusha, na kumwomba ajaribu. Akisema pua inainuka upesi kuliko ya kweli, wanarudi kwenye namba. Ni ile kazi ya Link chini ya kiwanda, kurekebisha vali na kukaa tena kwenye kiti mpaka mkono ukubali. Ndege nzuri kwa macho inayojibu uongo inamfundisha mchezaji uongo, na Link alikataa hilo hata alipokuwa hana mteja ila watoto wenye sarafu.

Bahari na mtoto

Akiwa na miaka 50 na pesa za kutosha, Link aligeukia bahari. Mwaka 1959 yeye na Marion walichunguza Port Royal huko Jamaika, mji uliozama baharini kwa tetemeko la ardhi la 1692. Mwezi wa Septemba 1962, karibu na Villefranche-sur-Mer, Ufaransa, Mbelgiji Robert Sténuit alikaa zaidi ya saa 24 kwenye kina cha mita 61 ndani ya chombo alichounda Link. Mwaka 1964, huko Bahama, Sténuit na Jon Lindbergh walikaa saa 49 kwenye kina cha mita 130 hivi. Mwaka 1971 kikatoka chombo cha kuzama kinachoitwa Johnson Sea Link, kilichobeba jina lake na la rafiki yake Seward Johnson.

Tarehe 17 Juni 1973, karibu na Key West, Florida, chombo hicho kilinaswa kwenye mabaki ya meli iliyozamishwa. Ndani kulikuwa na watu wanne, wawili katika chumba cha mbele na wawili katika kile cha nyuma. Dawa inayosafisha hewa ya kupumua ilidhoofika kwa baridi ya chumba cha nyuma. Ilichukua zaidi ya saa 24 kukitoa. Wawili wa mbele walipona. Albert Stover na Edwin Clayton Link, mtoto wa mvumbuzi, mwenye miaka 31, walikufa.

Baba aliyetumia ujana wake kutengeneza mahali ambapo mtu anaweza kukosea na kuishi alimpoteza mtoto ndani ya mashine iliyobeba jina lake, mahali ambapo hapakuwa na kifuniko cha kufungua. Hakuacha kazi. Miaka iliyofuata aliitumia kuunda chombo cha uokoaji kisichobeba mtu, chenye taa, kamera na mikono ya kukata nyaya, cha kuteremshwa kwa kebo kikawatoe watu walionaswa chini.

Edwin Link alikufa tarehe 7 Septemba 1981 huko Binghamton, akiwa na miaka 77. Kiwanja cha ndege cha mji ule kina jina lake, na masanduku ya buluu yamebaki kwenye nyumba za makumbusho za nchi nyingi. Leo piloti wa ndege kubwa ya abiria anarudishwa kwenye simuleta kila mwaka, azimiwe injini, awekwe kwenye mawingu, mpaka aonyeshe kwamba anaamini vyombo vyake. Aliyewahi kupanda ndege Kavumu asubuhi ya mvua, na mlima umefichwa na wingu, alitumaini piloti wake amekwisha kosea mara nyingi ndani ya sanduku la namna hiyo.